Upepo wa tairi na mzigo wa karavani: ya kukagua kabla ya kuingia barabara kuu

Tangu tarehe 16 Desemba 2021, mwenye leseni ya daraja B (ya gari dogo) katika England, Scotland na Wales anaruhusiwa kuvuta tela la hadi kilo 3,500 bila mtihani wa ziada, mradi gari lake lina uwezo huo. Kilichofutwa ni mtihani tu. Sheria za uzito, matairi na breki ziko palepale, na dereva aliyeshika usukani anawajibika hata kama karavani, yaani tela lenye chumba cha kulala safarini, ni ya kuazima.

Kiwango cha upepo kimeandikwa kwenye kibandiko cha karavani, mara nyingi karibu na mlango. Pima tairi zikiwa baridi. Tairi ikishatembea, joto hupandisha presha. Ukitoa upepo hapo ili geji isome namba ya kibandiko, ikipoa itakuwa chini ya kiwango. Wapo wanaopunguza upepo makusudi ili karavani isirukeruke. Tafadhali msifanye hivyo. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja ubavuni kila linapozunguka, hupata moto, hulegea ndani, kisha hupasuka. Hata kabla ya kupasuka, huiacha karavani ilalie huku na huku. Tairi za nyuma za gari nazo huongezwa upepo kama kitabu cha gari kinavyoelekeza kwa mzigo kamili.

Umri nao ni jambo jingine. Karavani hukaa uwani miezi mingi, mpira ukakauka na kufanya nyufa huku meno yakiwa bado mapya. Soma namba nne za mwisho za msimbo wa DOT ulioandikwa ubavuni mwa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tunashauri kubadilisha ikifika miaka 5, na isizidi 7 kwa vyovyote.

Kisheria, kina cha meno kisipungue milimita 1.6 katika robo tatu za katikati ya upana wa tairi, kuzunguka tairi zima. Adhabu huhesabiwa kwa kila tairi: faini ya hadi pauni 2,500 na pointi 3 za adhabu kwenye leseni. Tairi mbovu nne ni pointi 12, na mtu huweza kuzuiwa kuendesha. Kwa dereva ambaye hajatimiza miaka miwili tangu apate leseni, tairi mbili zinatosha, kwani pointi 6 hufuta leseni yake.

Kosa tunalolirudia kila msimu ni la mzigo kuwekwa nyuma ili “gari lisielemewe”. Mzigo wa nyuma hunyanyua pua ya karavani, na karavani ikaanza kutikisa mkia. Vitu vizito, kama turubai la kibarazani, vikae sakafuni juu ya ekseli, vikilingana kushoto na kulia. Maji mwageni: lita 40 ni kilo 40.

Pua ikandamize tufe la kuvutia lililo nyuma ya gari kwa asilimia 5 hadi 7 ya uzito wa karavani iliyopakiwa. Karavani ya kilo 1,300 inataka kilo 65 hadi 91. Lakini kikomo cha gari kikiwa 75, usivuke 75. Kupima ni rahisi. Simamisha karavani mahali tambarare, vuta hendibreki, weka mizani ya bafuni chini ya kichwa cha kuunganishia, simamisha juu yake kipande cha mbao chenye urefu wa kukiweka kichwa kwenye kimo cha kuvutwa, kisha pandisha gurudumu dogo la mbele mpaka uzito wote ulalie mbao. Ikisoma pungufu, sogeza mzigo mbele kidogo, upime tena.

Karavani ikianza kuyumba njiani, ondoa mguu kwenye mafuta taratibu na ushike usukani ukiwa umenyooka. Usikanyage breki kwa nguvu, wala usiongeze mwendo ukidhani utainyoosha. Kuyumba kukiisha, tafuta mahali salama pa kusimama, pima upepo na upange mzigo upya kabla ya kuendelea.