Je, wajua objekti milioni moja hutumiaje msimbo mmoja bila kuchanganya data zao?

Tuseme programu ya benki inahudumia wateja milioni moja. Kila mteja ana akaunti, na kila akaunti ina salio lake. Kuweka pesa ni kitendo kilekile kwa wote: chukua kiasi, kiongeze kwenye salio. Mwandishi wa programu hukiandika mara moja tu. Sasa kompyuta hujuaje kwamba salio la kuongezwa ni la huyu na si la yule?

Jibu limo katika tofauti kati ya klasi na objekti, ambayo wanafunzi wengi huikariri kabla ya kuielewa. Klasi ni maelezo: akaunti itabeba data gani, na itaweza kufanya nini. Objekti ni akaunti yenyewe, iliyotengewa nafasi yake katika kumbukumbu ya kompyuta wakati programu inaendeshwa. Kwa Python, mojawapo ya lugha za kuandikia programu, klasi hiyo huandikwa hivi:

```
class Akaunti:
    def __init__(mimi):
        mimi.salio = 0

    def weka(mimi, kiasi):
        mimi.salio = mimi.salio + kiasi

a = Akaunti()
b = Akaunti()
a.weka(500)
```

Mwishoni, salio la a ni 500 na la b bado ni 0. Funksheni, yaani vipande vya msimbo vyenye jina na kazi maalumu, zikiwa ndani ya klasi huitwa metodi. Ile ya kwanza, yenye jina la ajabu, hujiendesha kila objekti mpya inapoundwa, na kazi yake ni kuipa data ya kuanzia. (Waandishi wa Python huandika self mahali nilipoandika mimi, lakini hiyo ni desturi tu. Programu hii inafanya kazi kama ilivyo, ijaribu.)

Wengi hudhani kila objekti hubeba nakala yake ya metodi. Sivyo, na ingekuwa hasara kubwa: akaunti milioni, nakala milioni za msimbo uleule. Objekti ya Python hubeba data yake pamoja na kiungo kinachoielekeza kwenye klasi yake. Metodi zimekaa kwenye klasi, nakala moja. Ukiandika a.weka(500), Python huitafuta weka ndani ya a, haiikuti, hufuata kiungo hadi kwenye klasi na kuikuta huko. Kisha huiita kana kwamba umeandika hivi:

```
Akaunti.weka(a, 500)
```

Yaani objekti yenyewe hupitishwa kimyakimya kama parameta (kitu kinachokabidhiwa metodi ikiitwa) ya kwanza. Ndani ya metodi, mimi ni a. Ukiita b.weka(500), mimi ni b. Msimbo ni uleule, kilichobadilika ni objekti iliyokabidhiwa. Siri yote ni hiyo.

Ndiyo maana siupendi sana ule mfano wa vitabuni unaosema klasi ni ramani na objekti ni nyumba. Nyumba ikishajengwa, unaweza kuichana ramani na hakuna ukuta utakaoanguka. Objekti ya Python hurudi kwenye klasi kila metodi inapoitwa. Unda akaunti mbili, kisha ndipo uongeze metodi mpya kwenye klasi: akaunti zilizokuwepo tayari zitaweza kuitumia papo hapo.

Si lugha zote zinazotafuta metodi namna hiyo. Katika C++, kompaila (programu inayotafsiri msimbo kuwa lugha ya mashine) huamua mapema metodi ya kawaida iko wapi, kwa hiyo hata ukiongeza metodi kama hizo ishirini, ukubwa wa objekti hauongezeki hata baiti moja. Lakini parameta iliyofichwa ipo palepale: objekti hufikiwa kwa anwani yake, ambayo C++ huiita this.

Wazo hili lilitoka Norwei. Kristen Nygaard na Ole-Johan Dahl, wakifanya kazi Oslo miaka ya 1960, walitaka kuiga kwenye kompyuta mifumo yenye vitu vingi vinavyofanana kitabia huku kila kimoja kikiwa na hali yake. Lugha yao, Simula 67, ilileta klasi na objekti, nao wakapewa Tuzo ya Turing, tuzo kuu ya sayansi ya kompyuta, ya mwaka 2001. Bjarne Stroustrup aliitumia Simula kabla ya kuanza, mwaka 1979, kazi iliyozaa C++.

Turudi kwenye kuchanganyika kwa data, kwa sababu kunatokea. Ukiandika b = a, hujaunda akaunti ya pili; umeipa akaunti ileile jina la pili, na ukiweka pesa kwa b, salio la a nalo linapanda. Mtego mbaya zaidi ni huu: mtu anataka kila akaunti iwe na orodha ya miamala, anaandika miamala = [] moja kwa moja chini ya jina la klasi, nje ya metodi yoyote. Orodha hiyo sasa ni mali ya klasi. Kila akaunti inayoongeza muamala kwa mimi.miamala.append(kiasi) inaandika kwenye orodha moja ya wote, na Python haitalalamika. Dawa ni kuandika mimi.miamala = [] ndani ya metodi ya kuanzia, ili kila objekti ipate orodha yake.

Na klasi si lazima. JavaScript, iliyotoka mwaka 1995, ilikaa miaka ishirini na objekti bila klasi: objekti ikikosa metodi, huitafuta kwenye objekti nyingine iliyounganishwa nayo. Neno class liliongezwa mwaka 2015, ila chini yake utaratibu ni uleule wa zamani.