Ubao wa ujumbe wa kielektroniki kwenye matengenezo ya barabara: maana yake na kazi yake

Aliyewahi kuendesha gari usiku kwenye barabara zetu kuu anayajua matawi. Lori limeharibika kwenye kona, utingo anashuka na panga, anakata matawi mabichi na kuyapanga barabarani mita hamsini au mia nyuma ya gari. Dereva anayekuja akiyaona anaondoa mguu kwenye mafuta. Hahitaji kusoma wala kuuliza. Lakini matawi yanasema neno moja tu, kwamba mbele kuna jambo. Hayasemi ni jambo gani, liko upande upi, umbali gani, wala wewe dereva ufanye nini.

Ubao wa ujumbe wa kielektroniki umetengenezwa kujibu maswali hayo yaliyobaki. Ni kibao kikubwa cheusi chenye vitaa vidogo vya LED vinavyowaka na kuzimika kuunda maneno, na maneno hayo hubadilishwa kadiri hali ya barabara inavyobadilika. Kuna mbao za kudumu, zile zilizofungwa juu ya barabara kwenye nguzo za chuma. Hapa nazungumzia ule unaokokotwa kwa tela, unaoletwa mkandarasi anapoanza kazi na kuondoka naye akimaliza. Huo ni sehemu ya kile wataalamu wanachokiita uongozaji wa magari kwa muda, yaani mpango mzima wa kuwapitisha watu salama mahali ambapo barabara haiko katika hali yake ya kawaida: koni, vizuizi, vibao vya mchepuko, washika bendera, mshale wa taa, na ubao huu.

Ubao haukuja kuchukua nafasi ya vibao vya kawaida. Mwongozo wa taifa wa Marekani wa alama za barabarani, unaojulikana kwa kifupi kama MUTCD, unautaja kama nyongeza: kibao cha kawaida kinachotakiwa kuwepo kinabaki palepale, na ubao unakuja kusema kile ambacho kibao cha bati hakiwezi kukisema. Bati halijui kwamba leo foleni imefika hadi darajani, wala halijui kwamba kazi iliyopangwa usiku huu imeahirishwa kwa sababu ya mvua. Ubao unaweza kujua, mradi kuna mtu au mtambo wa kuuambia.

Kwa umbo, wengi wetu tungeuelewa mara moja tukiuona. Tela la magurudumu mawili, nguzo inayonyanyuka, ubao juu yake, na juu kabisa paneli za sola zinazochaji betri zilizo ndani ya sanduku la chini. Ndani ya sanduku hilo kuna kompyuta ndogo yenye kibodi, na mara nyingi laini ya simu ili ujumbe ubadilishwe kutoka ofisini. Kihisi mwanga hupunguza makali ya taa usiku. Kifaa hicho ni kidogo lakini kina thamani kubwa: ubao unaowaka usiku kwa nguvu ileile ya saa sita mchana humpofusha dereva kwa sekunde kadhaa, na sekunde hizo ndizo anazoingia nazo kwenye eneo la mafundi. Vumbi la barabara ya kifusi nalo linaweza kuziba paneli mpaka betri zikaisha katikati ya usiku, kwa hiyo kitambaa cha kufutia ni kifaa cha usalama sawa na koni.

Tugeukie hesabu, maana hapa ndipo ubao unapofaa au unapokuwa pambo. Mwongozo huohuo wa Marekani unataka maandishi yasomeke kutoka mita 240 hivi mchana na mita 180 hivi usiku, na kwa barabara za mwendo mkubwa herufi ziwe na urefu wa karibu sentimita 45. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa linakata mita 22 kila sekunde. Usiku, basi, dereva wa basi ana sekunde nane tangu maneno yasomeke hadi ubao umpite. Kwa kilomita 100 anabaki na sita na nusu. Na sekunde hizo si za kusoma peke yake: ana kioo cha kutazama, lori la mbele, bodaboda ubavuni, na abiria anayeomba kushushwa.

Ndiyo maana ujumbe hauruhusiwi kuzidi kurasa mbili zinazopishana, kila ukurasa mistari isiyozidi mitatu, kila mmoja ukae angalau sekunde mbili, na mzunguko wote usizidi sekunde nane. Maneno hayatembei kutoka kulia kwenda kushoto kama kwenye vibao vya maduka ya simu, wala hayametimeti. Tena kila ukurasa uwe na maana peke yake, kwa kuwa huwezi kumchagulia dereva aanze na upi. Linganisha sekunde nane za mzunguko na sekunde sita na nusu za dereva wa usiku: akiwa na bahati mbaya kidogo, ukurasa mmoja anaupata nusu. Ukurasa mmoja ukitosha, usiweke wa pili.

Kwetu tunaoandika Kiswahili kuna jambo jingine ambalo miongozo ya Kiingereza haitusaidii. Ubao wa tela ulio wa kawaida una mistari mitatu, na kila mstari una nafasi ya herufi nane. Kiswahili hubeba mtendaji, wakati na kitendo ndani ya neno moja, na neno hilo hurefuka. TAHADHARI lina herufi tisa. IMEFUNGWA lina tisa. UNAENDELEA lina kumi. Kwa hiyo ile sentensi iliyozoeleka kwenye vibao vyetu, kwamba ujenzi unaendelea, haiingii hata kidogo. Na isiingie, kwa sababu haimsaidii dereva: ujenzi unaoendelea anauona mwenyewe akifika.

Lakini ukikaa na karatasi ya miraba ukahesabu, lugha inatoa njia. PUNGUZA, MWENDO, FOLENI, AJALI, MBELE, KUSHOTO, KULIA, HAMIA, vyote vinaingia. BARABARA ina herufi nane kamili, na MCHEPUKO vilevile. Siku zote saba za wiki zinaingia bila kukatwa, kuanzia JUMATATU mpaka JUMAPILI. Waingereza na Wednesday yao hawana bahati hiyo. Mtu akitaka kusema kwamba njia ya kushoto imefungwa, anaweza kuandika hivi:

NJIA YA
KUSHOTO
IMEZIBWA

na ukurasa wa pili:

MITA 500
HAMIA
KULIA

Kila ukurasa unasimama wenyewe. Aliyeusoma wa kwanza tu anajua tatizo, na aliyeusoma wa pili tu anajua la kufanya. Najua kwamba watu wengi wangesema imefungwa kuliko imezibwa. Ubao wa aina mpya, ambao vitaa vyake vimejaa uso mzima bila kugawanywa kwa herufi, unaweza kubana herufi tisa kwenye mstari. Ila kila unapobana herufi unapunguza umbali wa kuzisoma, na umbali ndiyo zile sekunde. Mimi ningechagua imezibwa. Kukata neno likawa IMEFUNGW au TAHADH ni kumfanya dereva afumbue kitendawili akiwa kwenye mwendo.

Saa nazo zinataka uangalifu. Matumizi mojawapo mazuri ya ubao ni kutangaza mapema, siku kadhaa kabla ya kazi, ili wanaopita kila siku wapange safari zao. Ukiandika 22:00, wapo watakaosita wakibadilisha kichwani kuwa saa nne. Ukiandika SAA 4 bila kusema asubuhi au usiku, umewapoteza wote. Na ukiandika usiku wa Jumapili, kuna atakayeelewa usiku wa kuamkia Jumapili na atakayeelewa Jumapili yenyewe jua likishazama, na wote wawili wako sahihi kwa namna wanavyozungumza nyumbani kwao. Siku, saa, na sehemu ya siku viandikwe vyote vitatu: JUMAPILI, SAA 4, USIKU.

Mahali pa kuuweka napo huamua mengi. Ubao unasimama kabla ya eneo la kazi, mbali kiasi cha kumpa dereva nafasi ya kubadilisha njia au kuchukua mchepuko bila kukata kona ghafla. Unakaa nje ya njia ya magari, nyuma ya kizuizi kama kipo, kwa sababu tela lenyewe ni chuma kizito kinachoweza kuua. Mjini, sehemu ya chini ya ubao inatakiwa iwe juu ya mita 2 kutoka usawa wa barabara, isifichwe na magari wala isimgonge mtembea kwa miguu kichwani. Kwetu ningeongeza sharti: usiwekwe mahali ambapo mama lishe na wauza matunda watalazimika kuhamia barabarani kwa sababu ubao umechukua ukingo wao.

Kazi inayonigusa zaidi ni kuonya kuhusu mkia wa foleni. Mkia wa foleni husogea. Asubuhi uko kwenye koni, saa moja baadaye uko kilomita mbili nyuma, kwenye mteremko, mahali ambapo hakuna kibao cha bati kilichowekwa, na dereva wa lori lililojaa saruji anatokea kwenye kona akiwa hana habari. Huko Texas, barabara kuu ya I-35 ilipokuwa ikipanuliwa katika miaka ya 2010, vihisi viliwekwa kando ya barabara kupima mwendo wa magari. Magari yakianza kukwama, vihisi vinapeleka taarifa, na ubao ulio nyuma zaidi unajiandika wenyewe kwamba kuna foleni mbele na umbali wake. Kwa Kiswahili ingekuwa FOLENI, MITA 800, PUNGUZA. Mistari mitatu, ukurasa mmoja. Ukifikiria barabara ya kutokea Dar es Salaam, Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2 zilizopanuliwa kuwa njia nane huku mabasi ya mikoani yakiendelea kupita, unaona mara moja mahali ambapo ubao kama huo ungesimama.

Ubao una sumu yake pia, nayo ni uongo. Si uongo wa makusudi. Kazi imeisha saa kumi alfajiri, mafundi wamekwenda kulala, na ubao bado unasema njia imezibwa. Dereva anayepita pale kila siku ataudharau kufikia siku ya tatu, na siku ya nne, njia itakapozibwa kweli, hataondoa mguu kwenye mafuta. Ubao usio na la kusema unazimwa, unageuzwa upande, au unaondolewa. Hauandikwi salamu za sikukuu, na matangazo ya biashara yamekatazwa kabisa.

Hata ujumbe wenye nia njema unaweza kudhuru. Texas ilianza mwaka 2012 kuonyesha kwenye mbao zake za kudumu idadi ya watu waliokufa barabarani mwaka huo, wiki moja kila mwezi. Watafiti Jonathan Hall na Joshua Madsen walilinganisha wiki hizo na nyingine, na mwaka 2022 jarida la Science likachapisha walichokikuta: ajali ziliongezeka kwa asilimia 4.5 katika kilomita 10 baada ya ubao. Maelezo wanayoyatoa ni kwamba habari nzito ya vifo huchukua akili ya dereva wakati anaihitaji. Mimi nilitaka sana kuamini kwamba kuwakumbusha watu vifo kungewaokoa. Takwimu hazikuniunga mkono.

Na lazima kisanduku cha kompyuta kifungwe kwa kufuli, na neno la siri libadilishwe. Januari 2009 mjini Austin, hukohuko Texas, mtu alifungua kisanduku cha ubao wa matengenezo na kuandika onyo kuhusu wafu wanaotembea mbele. Watu walicheka. Lakini waliokuwa wakipita pale hawakupata onyo la ujenzi uliokuwepo, na mkono ule ungeweza kuandika vilevile HAMIA KULIA mahali ambapo kulia kuna shimo.

Mshika bendera haondoki hata ubao ukiwepo. Wapo madereva wasiosoma vizuri, wapo wanaotoka ng'ambo ya mpaka na lori la mizigo wasiojua Kiswahili, na yupo wa bodaboda ambaye mvua imemjaa usoni. Bendera nyekundu mkononi mwa mtu aliyevaa koti linalong'aa wote wanaielewa.

Msimamizi wa eneo la kazi akishauwasha ubao, apande gari, arudi nyuma kilomita mbili, kisha aje kama dereva mwingine yeyote, kwa mwendo wa barabara ile, mara moja mchana na mara moja usiku. Asiseme ubao uko tayari mpaka ameusoma wote kabla ya kuupita, bila kukanyaga breki ili amalizie mstari wa mwisho.