Mwanasheria aliyetakiwa aendelee kwa Kilatini

Kila mwaka nikifundisha historia ya sheria, huwauliza wanafunzi harakati za haki za wapenzi wa jinsia moja zilianza lini. Hunijibu New York, 1969, kwenye ghasia za baa ya Stonewall. Basi huwarudisha nyuma miaka 102.

Tarehe 29 Agosti 1867, siku moja tu baada ya kutimiza miaka 42, Karl Heinrich Ulrichs alipanda jukwaani katika ukumbi wa Odeon mjini Munich, mbele ya wanasheria wapatao 500. Aliandika baadaye kwamba moyo ulimdunda, na sauti ikamnong'oneza kuwa bado ana nafasi ya kunyamaza. Hakunyamaza. Alitaka sheria iache kuwaadhibu watu kwa mapenzi waliyozaliwa nayo. Hakufika mbali. Zikazuka kelele za kumtaka ashuke, na mwenyekiti akamwomba aendelee kwa Kilatini, lugha ya kusitiri aibu za wasomi. Ulrichs akaweka karatasi zake mezani, akashuka.

Kwa nini ajitose wakati ule? Waandishi wengi hulipita swali hili, nami ndipo ninapopenda kukaa. Ujerumani ilikuwa bado dola nyingi, kila moja na sheria yake. Kwao Hanover, sheria haikuyaadhibu mapenzi hayo mradi hayakuzua fedheha hadharani. Bavaria ilikwisha kuyaondoa katika makosa ya jinai tangu 1813. Prussia iliyaadhibu. Mwaka 1866 Prussia ikaimeza Hanover, na sheria zake za jinai zikafuata nyuma ya majeshi. Ulrichs aliupinga utekaji huo waziwazi, akatiwa ndani katika ngome ya Minden. Alijua Ujerumani ikiungana, mwenye nguvu ndiye atakayeandika sheria ya wote. Mwaka 1871 ikawa hivyo hivyo: Kifungu cha 175, cha kuyaadhibu mapenzi hayo kati ya wanaume, kikaandikwa kwa dola nzima, Bavaria ikiwemo. Kilifutwa kabisa mwaka 1994.

Kuanzia 1864 hadi 1879 alitoa vijitabu 12, vya mwanzo kwa jina la bandia, Numa Numantius. Alihitaji neno lisilo tusi wala ugonjwa, akalitoa kwa Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale: *Urning*, yaani mwanamume apendaye wanaume. Nadharia yake ya roho ya kike ndani ya mwili wa kiume hainishawishi hata kidogo. Naona ilimbana yeye mwenyewe. Na neno lake halikudumu. Mwaka 1868 mwandishi Karl Maria Kertbeny alimwandikia barua akitumia jingine, *Homosexual*, na hilo ndilo lililoenea duniani. Vijitabu vyenyewe daktari Mjerumani Magnus Hirschfeld alivichapisha upya mwaka 1898, mwaka mmoja baada ya kuunda kamati ya kupigania kufutwa kwa Kifungu cha 175.

Ulrichs hakuyaona hayo. Mwaka 1880 alihamia Italia, akaishia L'Aquila, fukara. Huko, kuanzia 1889 hadi alipofariki mwaka 1895, alihariri jarida dogo aliloliita *Alaudae*. Lote kwa Kilatini.