Ukienda Goma, anza na njia ya kurudi

Kazi yangu ni kupanga safari za watu wanaokwenda mashariki ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, uliko mji wa Goma: wahandisi, wauguzi, wafanyabiashara, na mara nyingine mtu anayekwenda kumzika ndugu yake tu. Swali lao la kwanza ni lile lile: "Kuko salama?" Sijibu. Nauliza unakwenda mji gani, kwa barabara ipi, siku gani, na utatokaje ikiwa njia uliyoingilia imefungwa. Matatu ya mwanzo wengi wanayo majibu yake. Asiyekuwa na jibu la nne simruhusu aondoke.

Kongo ni kubwa mara mbili na nusu ya Tanzania. Anayefuata biashara Lubumbashi yuko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Goma, na mapigano ya Kivu, eneo la mashariki iliko Goma, anayasikia redioni kama wewe. Kwa hiyo ukiambiwa "Kongo kuna vita", bado hujaambiwa kitu cha kupangia safari.

Nichukue Goma yenyewe. Mwishoni mwa Januari 2025 mji ulitekwa na waasi wa M23, na katikati ya Februari ikafuata Bukavu, mji mwingine wa Kivu. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa, na benki zikafunga milango. Aliyekuwa na tiketi ya ndege na kadi ya benki peke yake alijikuta hana kitu. Ndiyo maana nasisitiza njia mbili za kutoka zisizotegemeana, na fedha taslimu za kukufikisha nje kwa ile iliyo ghali zaidi.

Wengi sasa hupitia Kigali, wakashuka kwa gari hadi Gisenyi, mji wa Rwanda unaopakana na Goma, na kuvuka kwa miguu. Njia hiyo ni nzuri, lakini mpaka nao una siku zake. Juni 2022, baada ya askari wa Kongo kuuawa alipovuka upande wa Rwanda, mpaka ulifungwa, na ulipofunguliwa saa zake zilikuwa zimepunguzwa hadi saa tisa alasiri. Uliza saa za kufunga asubuhi ya siku yenyewe, na uulize ni saa ya wapi: Goma na Rwanda wako nyuma ya Dar, Nairobi na Kampala kwa saa moja. Tena wengi Goma hutaja saa kwa Kifaransa, na "neuf heures", yaani "saa tisa" neno kwa neno, ni saa tatu yetu, si saa tisa. Nimeona mtu akifika kwenye kizuizi kilichokwisha kushushwa kwa kosa hilo tu, akalala upande ambao hakupanga kulala.

Kuhusu viza na mihuri, jua kwamba karatasi ya wanaotawala upande mmoja wa vita inaweza kukuletea maswali mazito upande wa pili. Kama safari hiyo hiyo itakufikisha Kinshasa, lizungumze hilo na ubalozi kabla ya kuondoka. Kadi ya homa ya manjano iwe pamoja na pasipoti. Na isome bima yako hadi mwisho, maana nyingi huondoa vita katika fidia, na sentensi hiyo haiwekwi ukurasa wa kwanza.

Sasa barabara, maana hapo ndipo watu hufia.

Miaka kadhaa kabla ya vita kurudi kwa nguvu, nilitoka Goma asubuhi kuelekea Rutshuru. Taarifa za usalama za siku ile zilikuwa nzuri zote. Hatujafika Kibumba, dereva wangu, mzaliwa wa huko, akapunguza mwendo, akasimama kando, akashusha kioo. Nikamuuliza kuna nini. "Hakuna chukudu," akasema. "Hata moya hakuna." Chukudu ni baiskeli ya mbao isiyo na pedali, hushuka mjini imelemewa makaa, wao huyaita makala, na magunia ya viazi. Asubuhi ya kawaida huwezi kwenda mwendo mrefu bila kuzipisha. Nami nilikuwa nafurahia barabara nyeupe! Tukageuza gari. Jioni tukasikia kwamba mbele kulikuwa na milio ya risasi.

Ni barabara hiyo hiyo ambako tarehe 22 Februari 2021 balozi wa Italia, Luca Attanasio, aliuawa pamoja na mlinzi wake na dereva Mkongo, wakiwa katika msafara wa WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa. Barabara ilikuwa imehesabiwa kuwa inapitika bila ulinzi wa kusindikizwa. Siwalaumu waliopanga. Nasema karatasi ya jana haijui chukudu za leo, na dereva aliyezaliwa pale anazijua. Mchague yeye kwanza, gari baadaye, na akisema turudi, usibishane naye mbele ya usukani.

Fedha: dola zinatumika waziwazi, ila noti ziwe safi. Mbadilisha fedha wa barabarani ataishika noti yako ya dola 50 kwa vidole viwili, aipitishe ukucha kwenye kingo zote nne, aiinue juani. Mpasuko mdogo kama wa punje ya mchele unatosha kukurudishia. Dola moja moja wengi hawazitaki. Kwa mambo madogo badilisha faranga.

Kwenye vizuizi, salimia kwanza, vua miwani ya jua, mikono ionekane. Kiswahili chetu kitakusaidia, lakini pia kitakutambulisha: watakuambia unasema "Kiswahili bora", maana yake wewe si wa hapa. Jibu wazi umetoka wapi na unamfuata nani. Usipige picha za askari, madaraja, mpaka wala machimbo. Nguo za rangi ya jeshi ziache nyumbani. Simu inaweza kupekuliwa, kwa hiyo makundi ya WhatsApp yanayobishania vita yaondoe kabla ya kuvuka, kwa upande wowote unaoupenda.

Na kwa kuwa simu inaweza kuchukuliwa kabisa, andika namba tatu kwenye kipande cha karatasi: dereva, mwenyeji wako Goma, na mtu mmoja nyumbani mliyekubaliana saa ya kusikia sauti yako kila jioni. Kunja, tia ndani ya soksi.