Fuvu halina nafasi ya ziada

Mtu akianguka mwembeni akapasuka kichwa, damu ikamtiririka mpaka kifuani, ndugu humkimbiza hospitali bila kuulizana. Mwingine akianguka mwembe huohuo, akazimia kidogo, akaamka, akajikung'uta vumbi na kusema "niko sawa", atapewa maji na panado na kuambiwa akajipumzishe. Mimi humhofia huyu wa pili. Nafundisha anatomia kwa wanafunzi wa utabibu hapa Mtwara, na zamu za dharura huwa nashika pia, hasa msimu wa korosho ambapo pesa imeingia na pikipiki mpya zimejaa barabarani. Sababu ya hofu yangu iko kwenye mpangilio wa kichwa chenyewe.

Kwanza ile damu ya mgonjwa wa kwanza. Ngozi ya kichwa ina mishipa mingi, nayo imeshikiliwa na nyuzi ngumu. Mahali pengine mwilini mshipa ukikatika hujikunyata, damu ikapungua. Kichwani mdomo wake hubaki wazi, ndiyo maana kidonda kidogo hulowanisha shati zima. Kandamiza kwa kitambaa safi, mara nyingi itakata. Kama mfupa umebonyea chini ya kidonda, usikandamize hapo penyewe.

Chini ya ngozi ndiyo kuna fuvu. Mifupa ya kichwa cha mtu mzima ni 22, minane ikizunguka ubongo na 14 ikiunda uso. Taya la chini tu ndilo linalocheza, iliyobaki imeshonana kwa kingo zenye menomeno yanayoingiliana. Kwa mtoto mchanga kingo hizo bado ziko wazi, mifupa hupandana kidogo apate kupita njia ya uzazi. Utosi wa mbele hufunga kwa kawaida kati ya mwezi wa 12 na wa 24. Mtoto akiwa ametulia, weka kidole pale taratibu, utahisi pakidunda: ni mapigo ya moyo yanayofika mpaka kwenye ubongo. Utosi uliodidimia kwa mtoto anayeharisha unaonyesha maji yamemwishia mwilini. Ukiwa umevimba na kukaza hali mtoto halii, tena ana homa, usingoje asubuhi. Mafuta wanayopaka bibi zetu utosini hayaufungi wala hayaufungui, nami sigombani nayo.

Unene wa fuvu haulingani. Gusa panja lako, upana wa vidole viwili hivi juu ya mfupa wa shavu. Hapo hukutana mifupa minne, na ni pembamba kweli. Nikilishika fuvu la darasani nikaligeuzia dirishani, mwanga hupenya upande huo. Kisha huwaambia wanafunzi waingize kidole ndani, wapapase kwa ukucha. Watakuta kijimfereji kinachopanda na kugawanyika matawi. Ndimo inamopita ateri, mshipa unaopeleka damu kutoka moyoni, inayolisha utando wa nje wa ubongo. Mfupa mwembamba namna hiyo, na ateri imelala nyuma yake: kama ningeulizwa mahali pa kuongezea mfupa, ningesema hapo.

Tando za ubongo ni tatu. Ya nje ni dura, nene na ngumu, imegandamana na fuvu kwa ndani, tena hushuka katikati kama pazia na kutenganisha nusu mbili za ubongo. Ya kati, araknoida, ni laini na imelala chini ya dura. Ya ndani ni pia mata. Waliowahi kubangua korosho wanaijua ile ngozi nyembamba inayobaki kwenye kiini baada ya ganda gumu kutoka, inayofuata kila mkunjo. Pia mata hukaa hivyo juu ya ubongo, ila yenyewe haibanduki kirahisi.

Kati ya araknoida na pia mata kuna maji masafi yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo. Kwa mtu mzima ni kama mililita 150 kwa wakati mmoja, lakini mwili hutengeneza karibu mililita 500 kwa siku, ya zamani yakirudi kwenye damu. Ubongo una uzito wa kilo 1.4 hivi, ila ukielea humo uzito wake ni kama gramu 50 tu. Bila maji hayo ungejilalia wenyewe, na mishipa iliyo chini yake ingebanwa.

Ubongo, damu na maji vimejaza fuvu lote. Madaktari wa Scotland, Alexander Monro mwaka 1783 na George Kellie mwaka 1824, ndio walioweka msingi wa wazo hili: sanduku hili halitanuki, kitu kimoja kikiongezeka lazima kingine kipungue. Sasa mrudie yule aliyeanguka akaamka. Mfupa wa panja umepata ufa, ateri imechanika, damu inaibandua dura kutoka kwenye fuvu kidogokidogo. Mwanzoni maji na damu ya vena, mishipa inayorudisha damu moyoni, husogea kuipisha, na mgonjwa anaongea, anakula, anatania. Nafasi ikiisha, presha hupanda ghafla. Kichwa kinamuuma kuliko mwanzo, anatapika tena na tena, anasinzia, mboni moja inakuwa kubwa kuliko nyingine. Zinaweza kuwa saa chache tu tangu aanguke, na kwa barabara Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 500 kutoka hapa. Tusimngoje azidiwe ndipo tuanze kutafuta gari. Aliyezimia hata dakika moja aje aangaliwe siku hiyohiyo. Watu huniuliza, "Dokta, tumzuie asilale?" Kumzuia usingizi hakutibu kitu. Muhimu ni kwamba ukimwamsha aamke na ajibu sawasawa, akishindwa, mbebeni.

Kwa wazee mambo ni mengine. Ubongo hupungua ukubwa kwa umri, na vena ndogo zinazovuka kwenda kwenye dura hubaki zimevutika. Bibi anajigonga kwenye kizingiti, hata jeraha hana, halafu wiki tatu baadaye anachanganya majina ya wajukuu na kuburuta mguu mmoja. Nyumbani watasema uzee, wengine watasema karogwa. Inaweza kuwa damu inayovuja polepole chini ya dura, na hii mara nyingi hutibika kwa kutoboa tundu dogo kwenye fuvu na kuitoa. Kwa hiyo mzee akibadilika ndani ya wiki chache, tuambieni kama aliwahi kujigonga, hata kama ni zamani kidogo.

Yale maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo ndiyo tunayoyachota kwa sindano mgongoni tunapohofia homa ya uti wa mgongo. Familia nyingi hukataa kwa kuogopa kwamba sindano itampoozesha mgonjwa. Kwa mtu mzima uti wa mgongo huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, na sindano huingia chini ya hapo, penye maji na nyuzi za neva zinazosogea. Mgonjwa tunayedhani presha ya kichwani imepanda hupigwa kwanza picha ya siti skani.

Sakafu ya fuvu nayo hupata ufa. Dura ya huko imeshikana sana na mfupa, hivyo mfupa ukipasuka nayo huchanika, maji yakatokea puani au sikioni. Aliyeanguka na pikipiki akivuja majimaji yasiyo na rangi sikioni, au macho yote mawili yakazungukwa na weusi bila kupigwa usoni, asizibwe sikio kwa pamba wala asipenge kamasi. Funikeni sikio juujuu kwa kitambaa safi, shikeni shingo isicheze, mje naye.