Yai la nondo likoje?

Pindua jani la mahindi machanga kule Bungoma au Trans Nzoia, wiki chache baada ya kupanda. Huenda ukakuta kiraka cha kijivu, kama ukungu wa mkate uliolala. Wengi hukipita wakidhani ni uchafu. Kumbe ni mayai ya nondo, pengine mia moja na zaidi yaliyorundikwa pamoja, na nondo huyo ndiye mama wa kiwavijeshi vamizi aliyeingia mashamba ya Kenya mwaka 2017. Kinachofanana na ukungu ni magamba na vinyweleo vya tumbo lake mwenyewe, alivyoyafunikia mayai.

Nondo, kwa asiyemjua kwa jina, ni ndugu wa kipepeo: yule anayeruka usiku na kujigonga kwenye taa.

Yai lake moja lina upana wa milimita 0.4 hivi na kimo cha 0.3, duara lililobonyea chini kama kibanda cha msonge. Ganda si la chokaa kama la kuku. Ni la protini, jembamba lakini imara. Ukiliangalia kwa lenzi utaona mistari ikishuka kutoka utosini kama mbavu za malenge. Hapo utosini pana kitundu kidogo mno, na kwangu hicho ndicho cha ajabu kuliko vyote. Mama huwa amehifadhi mbegu za dume tumboni. Yai likiwa njiani kutoka ndipo mbegu huingia kwa kitundu hicho. Kwa hiyo ganda huwa limeshakamilika kabla yai halijarutubishwa.

Likitagwa huwa na weupe wa kijanikijani, kisha hugeuka hudhurungi. Likianza kuwa jeusi, ujue ni kichwa cha kiwavi kinachoonekana kupitia ganda. Kwenye joto, siku mbili au tatu tu zinatosha.

Lakini si kila nondo hutaga hivyo. Kwenye nyanda za joto karibu na ziwa, upande wa Kisumu, yuko mwingine ambaye viwavi wake hutoboa mabua. Mayai yake ni bapa, yamelaliana kama magamba ya ngege. Binamu yake wa nyanda za juu huyaficha kwa safu katikati ya bua na jani linalolikumbatia, kwa hiyo huyaoni mpaka ubambue. Kwenye sukuma wiki kuna mayai ya nondo mwingine, ya manjano hafifu, moja moja kando ya mishipa ya jani. Hayo yanataka macho ya kijana.

Ukikuta ya manjano, marefu kama punje za mchele, yamesimama wima bila kufunikwa, hayo si ya nondo. Yaelekea ni ya yule mdudu mwekundu mwenye madoa meusi anayekula vidukari. Yaache.