Huduma za kisheria kwa wafamasia na wataalamu wa afya ni nini?

Ni kazi ya wakili ya kumlinda mtu ambaye riziki yake inategemea leseni. Ndani yake mna mikataba ya ajira, ununuzi wa famasi na pango la jengo, mambo ambayo wakili yeyote wa biashara anayamudu. Kinachohitaji mtu anayeijua tasnia ni utetezi wa leseni.

Chukua mfano wa dawa iitwayo methotreksati. Mgonjwa wa baridi yabisi huimeza mara moja kwa wiki. Lebo ikiandikwa "kila siku", uboho unaweza kushindwa kutengeneza chembe za damu na mgonjwa akafa. Lebo hiyo moja inaweza kuzaa mashauri manne: jinai, madai ya fidia, nidhamu mbele ya baraza la taaluma, na hatua za mwajiri. Katika nchi zinazofuata mapokeo ya sheria ya Kiingereza, kosa la jinai huthibitishwa pasipo shaka ya msingi, ilhali madai, na mara nyingi nidhamu, hutosheka jambo likionekana kuwa na uwezekano mkubwa wa kutokea kuliko kutotokea. Ndiyo maana mtu anaweza kuachiwa huru mahakamani, kisha baraza likamfutia usajili. Si uonevu: baraza linauliza swali lingine, kama wagonjwa wako salama mikononi mwake.

Hatari kubwa ni kwamba mashauri hayo yanasomana. Maelezo uliyomwandikia mwajiri usiku ule, ukiwa na hofu, yanaweza kutolewa kama kielelezo mahali pengine. Kumweleza mgonjwa ukweli na kumtibu ni wajibu, na hakungoji wakili. Lakini kukisia sababu kwa maandishi kabla ya kusoma kumbukumbu ni jambo jingine kabisa.

Barua ya malalamiko ikifika, andika tarehe uliyoipokea na siku ya mwisho ya kujibu, kwa sababu ukimya wenyewe unaweza kuwa kosa. Ijulishe siku hiyo hiyo kampuni ya bima yako ya kitaaluma, ile inayokukinga ukidaiwa kwa kosa la kazini. Tunza cheti cha dawa alichoandika daktari, lebo, orodha ya zamu na picha za kamera kabla hazijafutwa. Usimpigie mlalamikaji simu kumwomba aondoe malalamiko. Hilo huonekana kama shinikizo, na shauri dogo la dozi hugeuka la uadilifu. Muda ukiwa mfupi, wakili huomba nyongeza kwa maandishi.

Usiguse kumbukumbu za zamani. Mifumo mingi ya kompyuta huhifadhi nani alibadili nini na saa ngapi. Kama kuna jambo lilisahaulika, liongeze kama nyongeza yenye tarehe ya leo na jina lako. Mabaraza husamehe makosa ya kuhesabu vidonge mara nyingi kuliko yanavyosamehe udanganyifu. Kwa dawa za kulevya za tiba, Mkataba wa Kimataifa wa 1961 unataka kumbukumbu zitunzwe kwa miaka isiyopungua 2, na sheria za nchi zinaweza kudai zaidi. Rejesta ya dawa hizo isipolingana na zilizomo kabatini, toa taarifa ya upungufu; kuziba pengo kwa kalamu ndiko kunakoharibu utetezi.

Soma bima yako kabla ya tatizo. Ipo inayolipa kwa kufuata tarehe ya tukio, na ipo inayolipa tu ikiwa dai limeletwa wakati bima ingali hai. Mwenye hii ya pili akistaafu na kuiacha, dai la kosa la zamani humkuta bila kinga, isipokuwa amenunua kinga ya baada ya kuacha. Angalia pia kama inagharamia mashauri ya nidhamu. Nyingine hulipa fidia tu.

Na wakili wa mwajiri ni wa mwajiri. Utetezi wa famasi ukiwa "mfanyakazi alikiuka utaratibu", na wako ukiwa "zamu ilikuwa na mtu mmoja", wakili mmoja hawezi kuwasemea nyote wawili. Muulize anamwakilisha nani kabla hujamweleza chochote.